Uhaba wa Maji na Saa za Mapumziko: Hesabu Hupotelea Wapi

Ukame ukikaza, mjadala hukimbilia kwenye mabwawa ya kuogelea na viwanja vya gofu. Wapo wanaosema starehe za wachache ndizo zinazomaliza maji ya wengi. Wapo wanaowajibu kwa takwimu: duniani kote kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji yote matamu yanayovutwa mitoni, maziwani na ardhini, viwanda karibu asilimia 20, na miji hugawana kilichobaki; utalii wote kwa jumla hukadiriwa kuwa chini ya asilimia 1. Takwimu hizo ni sahihi, ila hazijibu swali. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na hakuna anayeisafirisha mbali bila gharama kubwa. Kwa hiyo kinachohesabika ni maji ya bonde fulani, mwezi fulani, kutoka chanzo fulani. Ng'ambo ya bahari kunaweza kuwa na mafuriko na isikusaidie kitu.

Tena mjadala huo huanzia katikati. Kabla mapumziko hayajaanza kula maji, maji ndiyo yanayozaa mapumziko.

Uhaba unavyopimwa

Kipimo kinachotajwa zaidi kilitolewa mwaka 1989 na mtaalamu wa maji wa Sweden, Malin Falkenmark. Unachukua maji yanayojirudisha kila mwaka na kuyagawa kwa idadi ya watu. Ikiwa ni chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mtu, nchi inahesabiwa kuwa imebanwa. Chini ya 1,000 ina uhaba. Chini ya 500 uhaba huo umepindukia. Kukokotoa ni rahisi, lakini wastani wa mwaka huficha miezi. Utafiti wa Mekonnen na Hoekstra uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu bilioni 4 huishi mahali penye uhaba mkali angalau mwezi mmoja kwa mwaka, karibu nusu yao wakiwa India na China.

Kipimo hicho pia hakioni bomba. Nchi inaweza kuwa na mito mikubwa na bado watu wakachota kwa ndoo, kwa kuwa hakuna pampu, hakuna tangi, au vipo lakini hakuna bajeti ya kuvitengeneza vikiharibika. Huo ni uhaba wa kiuchumi, na ndio unaokula saa za watu.

Dumu moja ni dakika ngapi

Chukua kaya ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20, kila moja likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 20. Kwenda, kupanga foleni na kurudi kukichukua nusu saa, madumu matano yanakula saa mbili na nusu kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 900, sawa na wiki karibu 23 za kazi ya saa 40. WHO na UNICEF wameiweka nusu saa hiyo kuwa mpaka: chanzo salama cha maji kikifikika ndani ya dakika 30 kwenda na kurudi, foleni ikiwemo, huduma inaitwa ya msingi, ikizidi hapo inahesabiwa kuwa pungufu. Katika kaya ambazo maji hayako nyumbani, saba kati ya kila kumi mchotaji mkuu ni mwanamke au msichana. Mwaka 2016 UNICEF ilikadiria kuwa wao hutumia saa milioni 200 kwa siku kwa kazi hiyo.

Mara nyingi foleni huchukua muda mrefu kuliko mwendo. Mwongozo wa Sphere, unaotumika kupanga huduma za dharura, unaweka watu 250 kwa koki moja inayotoa lita 7.5 kwa dakika. Kwa kasi hiyo dumu la lita 20 hujaa kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Ukikuta madumu kumi na moja mbele yako, utasimama karibu nusu saa kabla hujakinga lako. Presha ikishuka hadi lita 4 kwa dakika, kama inavyotokea jioni kila mtu anapochota, foleni ile ile inakuwa dakika 55. Hapo wengi hukimbilia kufunga koki ya pili. Bomba likiwa ni lile lile na presha ni ile ile ndogo, foleni haipungui: maji yamegawanywa tu mara mbili. Kinachoipunguza ni tangi la juu karibu na koki, linalojaa usiku wakati mtandao umetulia na kutoa maji asubuhi kwa kasi kamili.

Waliopima matumizi ya majumbani kwa miongo kadhaa waligundua pia kwamba umbali haupunguzi matumizi hatua kwa hatua. Mwenye maji uani hutumia lita 50 au zaidi kwa siku. Safari ikipita dakika tano hivi, matumizi huporomoka hadi karibu lita 20, kisha yanaganda hapo, iwe safari ya dakika 8 au 28. Ikizidi nusu saa yanaporomoka tena. Mpangaji wa mradi asipolijua hili atajichanganya mwenyewe. Akisogeza kisima kutoka dakika 25 hadi dakika 10, mita haitaonyesha ongezeko lolote la maana. Faida yote imekuja kama muda: kwa madumu matano, ni saa moja na robo kwa kaya kila siku. Ripoti inayohesabu lita tu itaandika kwamba mradi umeshindwa.

Muda huo huenda wapi? Wafadhili hupenda kusikia kwamba umekwenda kwenye biashara. Huko Tangier, Morocco, watafiti walilinganisha kaya zilizosaidiwa kupata mkopo wa kuunganishiwa bomba nyumbani na kaya ambazo hazikusaidiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Awali kaya hizo zilichota bure kwenye mabomba ya umma ambayo maji yake yalikuwa safi, hivyo magonjwa hayakupungua. Kipato nacho hakikupanda. Kilichoongezeka ni muda wa kupumzika na kutembeleana. Ugomvi na majirani juu ya maji ulipungua, na watu walisema wanaridhika zaidi na maisha, ingawa walilipa gharama zote wenyewe na bili zao zilipanda. Kwa maneno mengine, walinunua mapumziko kwa bei kubwa, wakijua wanachofanya. Tokeo hili halinukuliwi vya kutosha, pengine kwa sababu halipendezi katika maombi ya fedha.

Likizo hufuata jua

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mwaka 1936 Ufaransa iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Mwaka 1950 safari za watalii wa kimataifa zilikuwa takriban milioni 25; kufikia 2019 zilikuwa zimepita bilioni 1.4.

Wasafiri hao hawaendi penye maji mengi. Wanafuata jua, na penye jua la uhakika kwa miezi mitatu mfululizo hapanyeshi katika miezi hiyo hiyo. Kilele cha wageni kinaangukia juu ya kilele cha ukame. Hapo ndipo ile asilimia 1 ya dunia inapokosa maana, kwani mtandao wa maji haujengwi kwa wastani wa mwaka bali kwa siku yenye matumizi makubwa kuliko zote. Mji wa watu 20,000 unaopokea wageni 60,000 kwa wiki chache hulazimika kuwa na pampu, matangi na mabomba ya watu 80,000. Msimu ukiisha, maji hukaa siku nyingi ndani ya mabomba hayo makubwa, klorini inafifia, na fundi inambidi amwage maji ili kusafisha bomba. Mwenyeji hulipia vyote hivyo kwenye bili yake ya mwezi.

Makadirio ya matumizi ya mgeni mmoja yanaanzia lita 80 kwa siku hadi lita 2,000, na tofauti hiyo haitokani na kuoga. Inatokana na bwawa, bustani na dobi. Kile kikadi cha bafuni kinachomwomba mgeni atumie taulo lile lile hakina ubaya, ila mita 100 za mraba za nyasi chini ya dirisha lake, penye joto kavu, zinakunywa lita 500 kwa siku.

Lita inayorudi na lita inayopotea

Maji ya kuogea hayapotei. Yanaingia kwenye bomba la majitaka, yanasafishwa, na yanaweza kurudi mtoni au kutumika tena. Windhoek, Namibia, imekuwa ikiyageuza majitaka kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Maji yaliyogeuka mvuke kutoka kwenye nyasi au bwawa, hayo yameondoka kwenye bonde. Ukichanganya makundi haya mawili, kila hesabu itakayofuata itakuwa na kasoro.

Las Vegas ni mfano mzuri, japo wengi huutaja kama mfano wa ubadhirifu. Fungu la Nevada, jimbo la Marekani ulimo mji huo, katika mto Colorado ni kama mita za ujazo milioni 370 kwa mwaka. Karibu maji yote yanayotumika ndani ya nyumba na hoteli husafishwa na kurudishwa ziwa Mead, bwawa la mto huo ambako mji huvuta maji yake, na kila mita ya ujazo inayorudi inaruhusu kuvuta nyingine badala yake. Ndiyo maana mamlaka ya maji haihangaiki sana na anayeoga muda mrefu, lakini inawalipa watu wang'oe nyasi zao, na sheria ya mwaka 2021 inakataza kutumia maji ya mto huo kumwagilia nyasi za mapambo zisizo na kazi kwenye maeneo ya biashara na barabarani kuanzia 2027. Mabwawa mapya ya nyumbani yamewekewa kikomo cha karibu mita 56 za mraba. Angalia kilichowekewa kikomo: ni eneo la juu, si kina, maana maji hugeuka mvuke pale yanapokutana na hewa.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Penye joto kavu nyasi hupoteza milimita 5 hivi kwa siku. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 wenye hekta 30 zinazomwagiliwa utahitaji basi mita za ujazo 1,500 kwa siku, ambazo kwa lita 50 kwa kichwa zingewatosha watu 30,000. Hiyo ni kama vinyunyizi vinafanya kazi kikamilifu, jambo ambalo halitokei. Sehemu iliyo kavu kuliko nyingine ndiyo inayoamua: msimamizi akiona doa la kahawia, anaongeza dakika kwa uwanja mzima.

Ulinganifu wa vinyunyizi unapimwa kwa vikombe. Panga vikombe ishirini au zaidi vya ukubwa mmoja kwa nafasi sawa kati ya vinyunyizi, siku isiyo na upepo. Washa dakika 15, kisha pima kina cha maji katika kila kikombe. Tafuta wastani wa robo ya vikombe vyenye maji machache, ugawanye kwa wastani wa vikombe vyote. Ukipata 0.8, mfumo ni mzuri. Ukipata 0.55, ili robo ile kavu ipate milimita zake 5 itabidi umwage milimita 9 kila mahali, kwa 0.8 ungemwaga milimita 6.25. Kwenye hekta 30 tofauti hiyo inazidi mita za ujazo 800 kwa siku, na hakuna mche mmoja wa nyasi uliobadilishwa. Visababishi vya kawaida ni midomo ya vinyunyizi ya saizi tofauti iliyochanganywa katika mstari mmoja, presha ndogo mwishoni mwa bomba, na vichwa vilivyoinama au kuzama chini ya nyasi.

Wenye viwanja hupenda kujibu kwamba wanatumia majitaka yaliyosafishwa. Ni jibu zuri, lenye masharti. Maji hayo huwa na chumvi zaidi, na mmea unapovuta maji huiacha chumvi kwenye udongo. Usipomwaga maji ya ziada kuisukuma chini ya mizizi, nyasi huungua kuanzia kwenye ncha. Ukimwaga, akiba uliyohesabu inapungua. Sodiamu ikizidi, udongo wa mfinyanzi huziba na maji hutuama juu, na hapo dawa ni kutandaza jasi kabla ya kuendelea. Tena majitaka yanayokwenda gofu hayaendi mtoni. Kama kuna wakulima chini ya mto walioyategemea, wamenyang'anywa maji ambayo hakuna aliyeyaandika.

Bwawa la kuogelea kwa karibu

Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 48,000. Kulijaza mara moja kunaonekana ndiko kosa kubwa, ila kwa uvukizi wa milimita 5 kwa siku linapoteza lita 160, na baada ya siku 300 limekunywa ujazo wake mwingine mzima. Kifuniko kinachogusa maji huzuia sehemu kubwa kabisa ya hasara hiyo muda wote kinapokuwa juu. Kikikunjwa pembeni kwa sababu kinachosha kukivuta, hakizuii kitu. Kwa hiyo roli ya kukizungushia ina faida kuliko kununua kifuniko cha bei ghali.

Kabla ya kulaumu jua, hakikisha bwawa halivuji. Weka ndoo juu ya ngazi ya bwawa, ijaze maji ya bwawa hadi yalingane na maji ya nje, weka alama ndani na nje ya ndoo, zima kifaa kinachojaza maji chenyewe, subiri saa 24. Ndoo na bwawa vikishuka sawa, ni uvukizi. Bwawa likishuka zaidi, linavuja. Rudia pampu ikiwa imewashwa: likishuka kwa kasi zaidi kuliko pampu ikiwa imezimwa, tafuta ufa upande wa bomba la kurudishia maji, kwa sababu huko kuna presha.

Njia nyingine ya upotevu watu hawaioni. Vidonge vingi vya klorini vina asidi ya sianuriki, inayoilinda klorini dhidi ya jua. Klorini hutumika na kuisha. Asidi hiyo haivukizwi wala haichujwi, inajilimbikiza. Ikipita miligramu 100 kwa lita, klorini hudhoofika hadi maji yanageuka kijani hata kama kipimo kinaonyesha klorini ipo, na tiba ya kawaida ni kumwaga sehemu ya maji na kuweka mapya. Anayetumia klorini ya maji badala ya vidonge, na kuongeza asidi hiyo kwa kipimo tu, hafiki huko. Usimwage bwawa lote kwa pamoja: penye maji ya ardhini karibu na uso, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na kupasuka.

Visiwa, theluji na skrini

Visiwani na pwani hatari haitokani na kiasi tu. Maji matamu chini ya kisiwa huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kwa takriban asilimia 2.5. Kutokana na tofauti hiyo, kwa kila mita moja ambayo usawa wa maji matamu umesimama juu ya bahari, kuna mita karibu 40 za maji matamu chini yake. Ukipampu hadi usawa huo ushuke mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 40 kukufuata. Visima vya hoteli vilivyochimbwa virefu ndivyo huanza kutoa chumvi, na visima vifupi vya wenyeji jirani hufuata. Kuiondoa chumvi hiyo ardhini huchukua miaka ya mvua. Kusafisha maji ya bahari kunawezekana, kwa uniti 3 hadi 4 za umeme kwa mita ya ujazo, ila mitambo hutema maji ya chumvi kali yanayohitaji mahali pa kwenda.

Milimani hali ni nyingine. Kutandaza sentimita 30 za theluji ya kutengenezwa kwenye hekta moja huhitaji takriban mita za ujazo 1,000 za maji, na michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022 ilitegemea theluji hiyo karibu yote. Sehemu kubwa huyeyuka na kurudi mtoni majira ya kuchipua. Tatizo ni kwamba huvutwa katikati ya baridi, mito ya milimani ikiwa imepungua kabisa.

Lawama kwamba video za intaneti zinamaliza maji, kwa kuwa kompyuta za vituo vya data zinazozirusha hupozwa kwa maji, kwa upande mwingine, zimetiwa chumvi. Kupoza joto la uniti moja ya umeme kwa kugeuza maji kuwa mvuke huhitaji lita 1.5 hivi, na saa moja ya kutazama video hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti, nyingi ikiwa ni ya kifaa chako mwenyewe. Kituo cha data kilichojengwa kwenye bonde kavu ni suala la bonde hilo. Mtazamaji mmoja mmoja si suala.

Mgao unapoanza

Cape Town iliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku Februari 2018 na kukataza kujaza mabwawa kwa maji ya bomba. Matumizi ya mji yalishuka hadi chini ya nusu ya yale ya mwaka 2015. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu mji huo ulikadiria kwamba kaya za tabaka la juu na la kati la juu, zisizofika asilimia 14 ya wakazi, hutumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani, sehemu kubwa ikienda kwenye bustani na mabwawa. Hapo starehe si asilimia 1 ya kitu chochote.

Anayepitia ombi la hoteli au uwanja mpya basi asiulize lita kwa mwaka. Aulize matumizi ya siku ya kilele katika mwezi mkavu kuliko yote. Chanzo ni kipi, na nani mwingine anakitegemea mwezi huo. Ni mita ngapi za mraba zitamwagiliwa au kuachwa wazi kwa jua. Majitaka yatarudi wapi. Na mgao ukitangazwa, nini kinazimwa kwanza. Kisha aulize kama kisima kitafungwa mita inayosomwa na mamlaka. Bei inayopanda kadiri unavyotumia hufanya kazi kwenye bomba la mji tu. Huko Cape Town wenye uwezo walichimba visima vyao wakati wa mgao, matumizi yao ya bomba yakashuka vizuri kwenye takwimu, na nyasi zikaendelea kumwagiliwa kutoka ardhini.